Waya wa altaneta umeungua: soma alama ya moto kabla ya kununua altaneta nyingine

Gari la zamani likitoa moshi kwenye boneti, hapa Arusha mara nyingi mambo huenda hivi: fundi anaitwa, anaukata waya ulioungua na kuutupa, anafunga altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri) nyingine kutoka kwenye chuma chakavu na kuvuta waya mpya. Gari linawaka, taa ya chaji inazimika, watu wanaridhika. Baada ya muda ule waya mpya nao unaanza kunuka. Mwenye gari analaumu altaneta tena, kumbe jibu lilikuwa kwenye ule waya uliotupwa.

Nitafuata zaidi Land Rover Series III, fupi ya 88 na ndefu ya 109 (inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), kwa sababu ndizo zilizojaa mashambani kuanzia Machame hadi Karatu, na ndizo tulizoziona zimepanga foleni kwenye tamasha la Land Rover la Arusha, Oktoba 2024. Mwenye Land Cruiser FJ40 au BJ40, Peugeot 504 au Datsun naye atafaidika. Rangi za waya zitakuwa tofauti ila ugonjwa ni uleule.

Ukiona moshi

Usianze na swichi ya ufunguo. Fungua tamino hasi ya betri, yaani kibano cha waya cha upande wa hasi. Kwenye Series III waya mnene wa kahawia unatoka altaneta hadi kwenye solenoidi ya stata (swichi nzito ya mota inayowasha injini), na pale pale ndipo unapofika waya mkubwa wa betri. Njia hiyo haipiti kwenye ufunguo wala kwenye fyuzi yoyote. Kwa hiyo unaweza kuzima gari, ukachomoa ufunguo na kuutia mfukoni, na waya ukaendelea kuungua mbele ya macho yako. Spana ya kutoshea nati ya tamino ikae ndani ya gari siku zote, mahali ambapo mkono unaifikia gizani. Mtungi wa kuzimia moto nao uwe karibu, si chini ya mizigo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami nataka lieleweke vizuri kwa kuwa utafutaji wote wa tatizo umesimama juu yake. Altaneta ya Lucas 16ACR iliyokuja na Series III mwisho wake ni ampea 34. Hata uizungushe vipi, haitoi zaidi ya hapo kwa maana ya kutisha. Betri ndiyo isiyo na breki: ikipigwa shoti inamwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya ukiungua kuanzia mwanzo hadi mwisho, mpira ukayeyuka wote na shaba ikabaki uchi, moto ule kwa kawaida umetoka kwenye betri kuelekea altaneta. Ukiungua kwenye ncha tu, umeme ulikuwa wa kawaida kabisa, na kilichoharibika ni kiungo.

Basi toa waya ukiwa mzima, ulaze juu ya kitambaa, utafute mahali palipoungua zaidi.

Umeungua kwenye ncha

Hii ndiyo hali ninayoikuta mara nyingi kuliko nyingine zote. Mpira umekuwa mgumu na mweusi kwa sentimita tatu au nne karibu na plagi ya altaneta, halafu ghafla unakuwa laini na mzima. Plastiki ya plagi imelainika na kupinda. Kile kibati cha ndani kimegeuka rangi, kina zambarau ya chuma kilichopashwa moto. Wakati mwingine ni upande wa pili, kwenye nati ya solenoidi.

Altaneta haina kosa hapo. Hebu tufanye hesabu. Kiungo kilicholegea au chenye kutu kinaweza kuwa na ukinzani wa omu 0.05, kiasi kidogo ambacho mita za bei nafuu haziwezi kukipima. Zikipita ampea 10, kiungo hicho kinatoa joto la wati 5, na hutaligundua. Zikipita 20, ni wati 20. Zikipita 34, ni karibu wati 58, na hilo ni joto la chuma cha kulehemu kimewekwa ndani ya plagi ya plastiki isiyozidi ukubwa wa kidole gumba. Ampea zikiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne.

Ndiyo maana gari linaweza kutembea miaka na kiungo kibovu bila shida, kisha likaungua siku moja tu: siku ambayo betri lilikufa, ukabustiwa kwa betri la gari lingine, ukaondoka hapo hapo usiku kupanda Marangu na taa kubwa zimewaka. Betri tupu linavuta kila ampea altaneta iliyonayo, taa nazo zinavuta, na safari ni ndefu. Mtu akikwambia "lilianza baada ya kubustiwa", usikimbilie kusema waliobusti walikosea nyaya. Kwanza angalia ncha.

Kinacholegeza viungo vyetu kinajulikana. Barabara za vumbi zenye makorongo madogo madogo, kama ile ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka, zinatikisa kila nati iliyoko kwenye injini. Vumbi linaingia ndani ya plagi, halafu gari linaoshwa kwa mashine ya presha na maji yanakaa humo. Chomoa plagi na uirudishe kwa mkono: ikiingia kwa ulaini bila kukataa, vibati vyake havibani tena. Kuviminya kwa koleo kunasaidia kukufikisha nyumbani, si zaidi. Kibati kilichowahi kugeuka rangi kwa moto kimepoteza uspringi wake na hakirudi.

Umeungua mahali pamoja katikati

Tazama shaba yenyewe. Ukiona katone kadogo kama tone la nta lililoganda kwenye ncha za nyuzi, hapo waya ulikuwa unagusa chuma na kupiga cheche. Nenda kwenye gari ukatafute mwenzake: alama nyeusi kwenye ukingo wa tundu, kwenye bano, kwenye pembe ya chasisi. Mara nyingi raba ya tundu imekufa kitambo na bati limekuwa linakula mpira wa waya taratibu. Kama hakuna katone, na mpira umekauka na kupasuka upande mmoja tu, basi ni joto la manifoldi ya ekzosi, pale moshi wa moto unapotokea kwenye injini. Mpitishie waya njia nyingine. Tepu haizuii joto hilo.

Umeungua wote

Hapa pana shoti ya moja kwa moja. Ama waya uligusa bodi (utakuta katone), ama shoti iko ndani ya altaneta. Ndani kuna dayodi zinazoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Dayodi mbili za mstari mmoja zikifa kwa kuungana, betri linapata njia ya wazi ya kwenda bodi kupitia altaneta, hata gari likiwa limelala gereji.

Kupima ni kazi ya dakika moja. Betri likiwa limefunguliwa na plagi imechomolewa, weka mita kwenye alama ya dayodi. Waya mwekundu wa mita uguse mwili wa altaneta, mweusi uguse kijiti kikubwa cha kuchajia. Nzima itaonyesha kama volti 0.7 hadi 1. Ukibadilisha waya za mita, isionyeshe njia. Ikikupa sifuri au karibu na sifuri pande zote mbili, dayodi zimekwenda, na hiyo ndiyo altaneta inayostahili kubadilishwa au kufunguliwa.

Lakini uliza pia nani aliziua. Dayodi hufa kwa sababu, na sababu tatu ninazozikuta mjini hapa ni hizi. Betri kufungwa kinyume: Series II na IIA za mwanzo, kabla ya 1967 hivi, zilikuwa na chanya kwenye bodi, na gari lililobadilishwa nusu nusu humchanganya kila anayelishika. Ya pili ni kuchomelea chasisi au mikono ya springi bila kufungua betri na plagi ya altaneta. Magari ya safari yanachomelewa kila msimu, na sijui ni mangapi yanatoka kwenye kuchomelewa yakiwa na dayodi zilizokwisha jeruhiwa. Ya tatu ni ile tabia ya kuchomoa tamino ya betri injini ikiwa inawaka "kuona kama inachaji". Enzi za dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia altaneta, watu walifanya hivyo na mambo yakapita. Kwenye altaneta, betri likiondoka ghafla volti zinaruka juu sana, na dayodi au reguleta (kidhibiti cha volti) inalipia. Fundi akitaka kupima hivyo kwenye gari lako, mwombe kwa heshima atumie mita.

Chokhi imeungua, altaneta ni nzima

Mzee mmoja wa Kibosho aliniletea 109 yake na malalamiko ambayo fundi wa kwanza hakuyaamini. "Fundi," alisema, "mimi waya wa altaneta nimeshabadilisha, lakini kinachotoa moshi ni kebo ya chokhi." Alikuwa sahihi kabisa. Ganda la kebo hiyo, ile unayovuta kuwasha injini ikiwa baridi, lilikuwa limeyeyuka kuanzia kabureta mpaka ukuta wa dashibodi, na kebo ya kukanyagia mafuta ilikuwa na joto. Gia boksi lilikuwa limeshushwa miezi ya nyuma, na ule utepe wa shaba unaounganisha injini na chasisi haukurudishwa.

Injini ya gari hili imekaa juu ya raba. Bila ule waya wa ethi, umeme wa stata na wa altaneta hauna barabara ya kurudi betri, kwa hiyo unajitafutia vijia: kebo ya chokhi, kebo ya mafuta, bomba la chuma, waya mwembamba wa geji. Chochote chembamba kinaungua. Wakati huo huo altaneta inachaji vibaya, na watu wanaihukumu.

Ushahidi wa ethi mbovu unapatikana hivi: injini ikizunguka kwa kasi ya wastani na taa kubwa zikiwa zimewashwa, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye mwili wa altaneta na nyingine kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri, si kwenye tamino iliyofungwa juu yake. Isizidi volti 0.2. Ikizidi, fuata njia hatua kwa hatua: bano la altaneta, bloku ya injini, utepe, chasisi, waya wa betri. Pale mita inaporuka ndipo penye rangi, kutu au nati iliyolegea. Land Rover ina ugonjwa wake wa ziada kwa kuwa bodi ni aluminiamu na chasisi ni chuma. Zinapokutana na unyevu hutoka unga mweupe, na unga huo haupitishi umeme. Kwangua mpaka chuma king'ae, funga, halafu paka grisi kwa juu.

Taa ya chaji inasema nini

Taa nyekundu ya dashibodi si pambo. Kwenye Lucas balbu yake ya wati 2.2 ndiyo inayoiamsha altaneta kwa umeme kidogo kupitia waya wa kahawia wenye mstari wa njano. Ukifungua ufunguo na taa isiwake, balbu imekufa au waya huo umekatika, na altaneta inaweza kukataa kuchaji ingawa ni nzima.

Alama ninayoipenda zaidi ni taa inayowaka kwa mbali, kama inasinzia, hasa usiku, na inazidi kidogo ukiwasha taa kubwa. Watu wengi huiacha kwa sababu gari linatembea. Taa hiyo ina altaneta upande mmoja na betri upande mwingine, na inawaka pale volti za pande hizo zinapotofautiana. Kwa hiyo ukiona hivyo, ama dayodi moja imeumia, ama kuna volti zinapotea kwenye waya wa kuchajia. Volti zinazopotea zinageuka joto. Mara nyingi ndiyo onyo pekee utakalopata kabla ya moshi.

Thibitisha kwa mita: ncha moja kwenye kijiti kikubwa cha altaneta, nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri, injini ikizunguka, taa zimewashwa. Zaidi ya volti 0.3, kuna kiungo kinachokula umeme. Pima betri lenyewe pia. Likiwa limepumzika na limejaa lisome karibu 12.6, na injini ikiwaka liwe kati ya 13.8 na 14.4. Likipanda juu ya 15, reguleta imekufa au waya unaoipa taarifa ya volti umeshikwa mahali pabovu. Hapo betri litachemka, maji yatakauka na tindikali itaanza kula tamino na waya wa jirani.

Altaneta kubwa kwenye waya mdogo

Mwenye gari la safari anataka friji, redio na taa za juu, kwa hiyo anafungiwa altaneta ya ampea 65 au zaidi kutoka kwenye gari jipya. Ni uamuzi mzuri kama waya nao utabadilishwa. Ukiachwa ule wa zamani, mtapata harufu siku ya kwanza betri likiwa chini.

Waya wa Kiingereza wa zamani unaweza kuupima kwa kuhesabu nyuzi zake, kila uzi ukiwa na unene wa milimita 0.3. Nyuzi 44 ni milimita 3 za mraba, ampea 27 hivi. Nyuzi 65 ni milimita 4.5 na ampea 35. Nyuzi 84 ni milimita 6 na ampea 42. Nyuzi 120 ni milimita 8.5 na ampea 60. Kwa 16ACR mimi nafunga wa nyuzi 84 kwenda juu, kwa altaneta ya 45 wa nyuzi 120, na kwa zile za 65 au zaidi natumia milimita 16 za mraba bila kubishana na mtu.

FJ40 zina mambo mawili ya kwao. Za zamani zina geji ya ampea ambayo umeme wa kuchaji unapitia, na viungo vyake nyuma ya dashibodi hupata moto ukiongeza altaneta. Harufu ikitokea ndani ya kebini, anzia hapo. Pia Toyota waliweka karibu na betri kipande cha waya kinachokatika chenyewe kabla fungu zima la waya halijaungua. Magari mengi niliyofungua, kipande hicho kimeshaondolewa na pamewekwa waya wa kawaida. Kirudishe, au weka fyuzi ya kufaa mahali pake.

Kurudisha

Dukani chagua waya wenye nyuzi nyingi nyembamba. Ule wa kufungia nyumba, wenye shaba moja nene, hauvumilii mtikisiko na utakatikia kwenye lagi, kile kibati kinachobanwa kwenye ncha ya waya. Kwangua uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa: ndani ukiwa mweupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, urudishe kwenye kaunta.

Rudi nyuma kwenye waya wa zamani mpaka upate shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki risasi ya kulehemu na haishiki lagi. Fungua tepu ya fungu zima lililopita karibu na moto, kwa sababu waya wa jirani unaweza kuwa umeyeyuka ukashikana na mwenzake ndani ya tepu ambayo kwa nje inaonekana safi. Lagi zibanwe kwa koleo lake, na uvute kwa nguvu kujaribu. Kusokota waya mbili na kuzungushia tepu ni marufuku kwenye njia hii.

Weka fyuzi moja ambayo kiwanda hakikuweka, upande wa betri, kwa kuwa hatari inatokea huko. Iwe juu ya uwezo wa altaneta na isizidi uwezo wa waya. Altaneta ya 45 kwenye waya wa ampea 60, fyuzi 60 inafaa.

Kabla ya kufunga tamino hasi, chukua balbu ya wati 21 ya indiketa yenye waya mbili, uiunganishe kati ya tamino hiyo na kichwa cha betri. Kila kitu kikiwa kimezimwa, balbu isiwake. Ikiwaka kwa nguvu, shoti bado ipo, na balbu inazuia umeme usizidi ampea mbili wakati unachomoa kimoja kimoja kumtafuta mkosaji. Ikibaki giza, funga tamino, washa injini, rudia vipimo vyote vya volti.

Halafu endesha usiku hadi Usa River na kurudi, taa kubwa zimewashwa. Ukifika, zima, funua boneti, gusa plagi ya altaneta kwa nyuma na nati ya solenoidi kwa kidole. Uvuguvugu wa injini ni sawa. Kama huwezi kuacha kidole hapo, kiungo hicho kifunguliwe tena asubuhi. Na baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi, zipitie nati zote za njia hii kwa spana, pamoja na ya ethi.